Tulivyomsubiri Sajini

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka huu, tulimzika shangazi yangu huko Bulumbi, na sauti iliyotusomea vitabu ikaenda naye. Alikuwa mzee, alikuwa na presha, na hospitalini Masafu hakukaa sana. Mimi si mtu wa kulia kwa sauti. Siku ya mazishi nilikaa nyuma ya jiko na wanawake wengine, tukimenya mihogo ya kuwapikia watu. Mmoja wao, ambaye tulikua naye pamoja, akainua kisu akasema, "Leo tunamenya kimya. Hakuna wa kutusomea." Tukacheka kidogo, na mimi nikajiona nina miaka tisa tena, pale pale, na maganda ya muhogo miguuni.

Rafiki yangu, nilifika darasa la saba tu. Leo nauza chumvi na mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, sokoni Busia, upande wa Uganda. Sikusoma sana, lakini nilisomewa sana, na nikisikia mtu anasema watu wa shamba hawajui vitabu, huwa simbishii. Namwacha tu, kwa sababu najua nilichokiona nyumbani kwa bibi.

Nyumbani kwa bibi kulikuwa na mwamba mpana, bapa, nyuma ya nyumba, na juu ya mwamba huo mihogo yote ya boma ilianikwa. Alasiri, baada ya chakula, wanawake na watoto walikaa pembeni yake kwenye kivuli cha jiko na kumenya. Muhogo uliovundikwa una harufu chachu ambayo mgeni huikunjia pua. Mimi harufu hiyo nikiipata hata leo, moyo wangu hutulia. Baada ya mvua, hewa ikiwa safi, tuliliona jabali la Tororo kwa mbali, la bluu. Baba alifanya kazi huko ya kubeba magunia, akija nyumbani Jumamosi na baiskeli yake, na mkate mmoja umefungwa nyuma kwa mpira.

Vitabu alivileta shangazi kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa kitinda mimba wa bibi, na alikuwa amekaa Kenya kwa mwalimu mmoja, akilea watoto wake. Yule mwalimu alipohamishwa alimpa vitabu vinne, vya Kiswahili, vyenye picha ya askari kwenye jalada. Vilikuwa hadithi ya mtu mmoja na maisha yake jeshini, tangu enzi za Mzungu. Katika kitabu cha kwanza alikuwa kijana wa kubebeshwa mizigo katika vita na Wajerumani. Cha pili, amepewa bunduki. Cha tatu, koplo. Cha nne, sajini, na sasa yuko mbali sana, katika misitu ya Burma, katika ile vita kubwa ya pili. Nyuma ya kila kitabu palionyeshwa kwamba vyote ni saba.

Mwanzoni bibi hakuvitaka. Kwetu siku zile Kiswahili kilikuwa lugha ya soko la mpakani na ya wanajeshi barabarani, wale wa "simama, toa kitambulisho". Shangazi alipofungua kitabu, bibi alisema, "Hiyo lugha ya vizuizi usiniletee kwangu."

"Mama, huyu hana bunduki bado," shangazi akasema. "Anabeba mizigo tu."

"Mizigo ya nani?"

"Ya Mzungu."

"Mizito?"

"Mama, mizito mno. Ngozi ya kichwa imechubuka."

Bibi akamenya kidogo. "Haya, soma," akasema. "Soma tujue kama alifika."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na haikukoma. Shangazi alisoma ukurasa kwa Kiswahili, kisha akaueleza kwa Kisamia, lugha yetu, na baada ya kitabu cha kwanza bibi alimkataza kueleza. Alisema anasikia.

Kulikuwa na jirani yetu mmoja, mzee aliyewahi kuwa jeshini, aliyependa kuvaa koti lake la jeshi hata jua likiwaka. Watoto tulimwita Afande, na hakukataa. Kumbe jeshini alikuwa mpishi, jambo ambalo hakulificha, ila hakulianza yeye. Alikuja kila alasiri na kigoda chake. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. Shangazi akisoma kwamba koplo alimjibu meja kwa ukali, Afande alipiga goti kwa kiganja. "Hapana! Hii koplo nasema na meja hivyo? Nakwenda selo sasa hivi!" Na kila vita ikiisha, hata iwe watu wamekufa namna gani, yeye aliuliza swali moja tu: "Na walikula nini?"

Mara nyingi kitabu hakikusema. Shangazi alimwambia, "Haijaandikwa, Afande." Afande alisikitika kweli. Alisema mtu anayeandika vita bila kuandika chakula hajawahi kuiona vita. Basi bibi ndiye aliyekata shauri. "Walikula mihogo," alisema, au siku nyingine, "Leo walipata maharage." Afande akaridhika, na shangazi akaendelea kusoma.

Siku askari wetu alipopata ukoplo, bibi alichinja kuku. Alisema mtoto wa watu amepanda cheo na hana mtu wa kumfanyia sherehe kule aliko. Jumamosi baba akafika, akaona manyoya uani.

"Kuku gani huyu ameliwa?"

"Wa koplo," nikamwambia.

"Koplo gani? Wanajeshi wamefika hapa?"

"Wa kitabu."

Baba akamtazama mama yake. Bibi akaendelea kupepeta wimbi kama hakuna lililosemwa. "Tulikuwekea paja," akasema. Baba alilila lile paja huku akitikisa kichwa. Yeye hakuwahi kukaa kusikiliza. Hakujua kusoma, na vitabu aliviona kama mambo ya wanawake wenye mihogo mingi ya kumenya.

Sasa nikueleze jambo ambalo kila mtu pale mwambani alilijua, na hakuna aliyelitaja. Bibi alikuwa na mwanawe wa kwanza, kaka ya baba, ambaye kwetu sisi watoto ni baba mkubwa. Alijiunga na jeshi. Alikuja likizo mara mbili, na mara ya pili akamletea bibi sukari na blanketi la kijivu. Kisha serikali ikapinduliwa, wanajeshi wakatawanyika, wengine wakasemekana wamevukia Kenya, wengine Sudan. Yeye hakurudi. Hakuna aliyekuja kusema amekufa, wala aliyekuja kusema amemwona.

Kwetu mtu akipotea na mwili wake usipatikane, miaka ikapita, hukatwa mgomba, ukafungwa shuka kama maiti, ukazikwa mahali ambapo angezikwa yeye, na watu wakamlilia. Bila hivyo mambo ya boma husimama. Mdogo hawezi kumtangulia mkubwa kuhama na kufungua boma lake. Na mdogo aliyefuata alikuwa baba yangu. Alikuwa na mke, alikuwa na sisi watoto, alikuwa na kipande cha ardhi ng'ambo ya kijito, na bado tulilala wote katika kibanda kimoja uani kwa bibi, kwa sababu ya kaka ambaye hajafa na hajarudi. Wazee wa ukoo walikuwa wamekuja mara kadhaa kumwomba bibi akubali mgomba. Bibi aliwapa uji, akawashukuru kwa kuja, akawasindikiza hadi njiani. Jibu lilikuwa hilo.

Ikafika siku ambayo shangazi alimaliza kitabu cha nne. Sajini na watu wake wanavuka mto alfajiri kwa chelezo cha mianzi. Risasi zinaanza kutoka ng'ambo. Chelezo kinapinduka. Katika ukurasa wa mwisho ofisa mmoja amekaa chini ya turubai, mvua inanyesha, na anaandika jina la sajini kati ya waliokufa.

Shangazi akafunga kitabu.

"Funga kwa nini?" Afande akauliza. "Geuza ukurasa!"

"Hakuna ukurasa mwingine, Afande. Kimeisha. Inayofuata iko kwenye kitabu cha tano, na sina."

"Yaani naisha hivyo? Na watu majini?" Alisimama, akakaa tena. Siku hiyo hakuuliza walikula nini.

Jumamosi baba alifika na shauri aliloliandaa njiani kote kutoka Tororo. Hakujua lolote kuhusu mto. Alichuchumaa mbele ya bibi pale mwambani, mbele yetu sote.

"Mama, mwaka huu naomba tulimalize jambo la kaka."

"Kaka yako yuko njiani."

"Njia gani hiyo, Mama, ya miaka yote hii?"

Bibi alimenya muhogo mzima kabla ya kujibu. "Sajini naye wameandika amekufa," akasema. "Hawakuuona mwili. Wameandika tu. Sasa sikiliza. Kitabu cha tano kikija, na sajini akawa amekufa kweli, kata mgomba. Mimi mwenyewe nitakuonyesha upi. Lakini akiwa hai, usinitajie neno hilo tena maadamu ninapumua."

Baba akamgeukia shangazi. "Umesikia mama yako? Nijenge, nisijenge, kitabu ndicho kitakachosema!"

"Mimi nasoma tu, kaka," shangazi akasema.

"Kitabu ya jeshi haidanganyi," Afande akatia neno.

"Wewe nyamaza, mpishi!"

Bibi hakuwa anatania, na baba alimjua mama yake. Basi toka siku ile, mtu aliyekitafuta kitabu cha tano kuliko sote alikuwa baba yangu. Aliwaagiza vijana wa baiskeli waliobeba abiria kati ya vizuizi viwili vya mpaka wamwulizie upande wa Kenya. Aliwauliza walimu. Huko Tororo, akitoka kwenye magunia, alipita kwa wauza vitu vya mitumba akieleza picha ya jalada, kwa kuwa jina hakuweza kulisoma: askari, kofia ya tarbushi, bunduki begani. Walimletea vitabu vya dini. Walimletea kitabu cha ufugaji wa nyuki. Mvua za masika zikaja zikaenda, tukavuna karanga, na alasiri za mwambani zikawa ndefu, kwa sababu shangazi alirudia vile vinne na sote tulijua mto uko wapi.

Baba alikipata. Aliingia uani Jumamosi moja, hakuteremsha hata mkate, akatoa kitabu kutoka ndani ya shati. Mama muuza mandazi alikuwa ameshachana kurasa za mbele kwa kufungia, akamwuzia kilichobaki. Baba alikuwa amekiendesha kwa baiskeli kutoka Tororo mpaka Bulumbi, kimegusa ngozi ya tumbo lake, na hajui ndani mna nini. Ndipo nilipomwona baba yangu, kwa mara ya kwanza, anavuta kigoda na kukaa kati ya wanawake na mihogo yao.

"Usitangulie na macho," bibi alimwambia shangazi. "Soma neno kwa neno, tusikie pamoja."

Shangazi akasoma. Kurasa za mwanzo zilizobaki zilihusu askari wengine, tope, na nyumbu aliyekataa kupanda mlima. Baba alikuwa anasugua viganja vyake. Afande aliuliza kuhusu chakula cha nyumbu, akakatazwa. Kisha likaja hema la wagonjwa, na ndani yake mtu aliyefungwa bandeji kichwa kizima, ambaye hakuna aliyejua ni wa kikosi gani, kwa sababu hakuwa amesema neno. Usiku mmoja mtu huyo anaomba maji kwa lugha ya mama yake. Muuguzi anaita askari wa kwao amsikilize. Askari anainama, anatazama, anaanguka magotini na kusema, "Sajini wangu."

Wanawake walipiga vigelegele hadi kuku wakakimbia. Afande alisimama wima, akapiga saluti kuelekea kitabu. Hata mimi nililia. Baba alikaa kidogo, akaipangusa suruali yake vizuri, akachukua panga na kwenda kumkatia ng'ombe majani. Hakumlaumu mtu. Ahadi ilikuwa imetolewa mbele ya watu, na alikuwa ameshindwa.

Nilidhani bibi angechinja kuku jioni ile. Hakuchinja. Wiki nzima alimenya bila maneno, shangazi akisoma jinsi sajini alivyopona taratibu, akajifunza tena kutembea, akapanda meli. Siku meli ilipofika Mombasa, bibi alisimamisha kisu.

"Tulipokuwa tunamlilia," akamwuliza shangazi, "nani alijua yuko kwenye lile hema?"

Shangazi akafikiri. "Aliyekiandika kitabu, Mama."

"Siku zote alijua?"

"Siku zote."

"Basi sajini hakupotea hata siku moja," bibi akasema. "Kulikuwa na mtu anajua alipo. Wangu mimi hakuna ajuaye. Hata mimi sijui."

Aliinuka, akafuta kisu kwenye kanga. Ilikuwa Jumamosi na baba alikuwa anaziba pancha kando ya nyumba. Akamwita. "Ule mgomba mkubwa nyuma ya choo. Kaka yako ndiye aliyeupanda, alipokuwa hajafika hata kiunoni kwangu. Ndio huo."

Baba akasimama, mikono yake imejaa gundi. Unaweza kudhani angefurahi. "Mama," akasema, "lakini sajini yuko hai."

"Nimesikia. Nina masikio. Kata."

Tuliuzika siku iliyofuata, misa ilipokwisha. Wazee wa ukoo walikuja, na safari hii hawakusindikizwa njiani. Mgomba ulifungwa ndani ya lile blanketi la kijivu. Bibi mwenyewe alilifunga, akilikunja pembe kama mtu anayemfunika mtoto. Lilipoteremshwa, alilia. Miaka yote ile sikuwa nimemwona akilia, na alilia kwa nguvu, kwa jina la mwanawe, mpaka sauti ikakatika, kisha akanyamaza na uso wake ukawa mwepesi. Afande alikuwa amevaa koti lake na vifungo vyote. Alitoa amri mwenyewe, akaitii mwenyewe, akapiga saluti mpaka kaburi lilipojaa.

Na yeye ndiye aliyepika. Alisimamia sufuria kubwa ya posho, yaani ugali, na nyingine ya maharage, akawafukuza wanawake jikoni kwa amri za kambini. Bibi alimpelekea kuku akiwa ameshachinjwa. "Huyu ni wa sajini," akamwambia. "Amerudi salama, ni lazima afanyiwe. Changanya humo humo." Afande akamchanganya. Watu wa mbali walipouliza marehemu alikuwa na cheo gani, kila mtu alijibu lake.

Mwaka uliofuata baba alifungua boma lake ng'ambo ya kijito. Nakumbuka asubuhi tulipohama, mama amebeba moto kwenye kigae, mimi nimebeba jogoo. Kitabu cha sita tulikipata baadaye, cha saba hatukukipata kamwe, na bibi hakukidai. Alisema sajini ameshafika kwao, mengine ni yake.

Mambo hayo yamekwisha. Bibi alikwenda, Afande akamfuata, na koti alizikwa nalo. Ule mwamba sasa umepasuliwa kokoto, na mihogo inaanikwa kwenye turubai la plastiki. Vijana wa baiskeli wamezeeka. Wana wao wanaendesha pikipiki. Mpakani wamejenga majengo makubwa, na Kiswahili hakimtishi mtu tena, tunauziana nacho samaki. Watoto wangu wana hadithi kwenye simu na kila mmoja anaisikiliza peke yake, sikioni. Siwalaumu. Ila sijawahi kuona simu ikichinjiwa kuku.

Jumatatu baada ya mazishi tulipanga vitu vya shangazi. Vitabu vilikuwa ndani ya sanduku la bati. Mchwa walikuwa wamekula cha pili na cha tatu. Nilivitia vilivyobaki ndani ya mfuko wa unga, na kabla ya kurudi Busia nikapitia kwa baba, bomani kwake. Sikio lake moja halisikii, na kusoma hakujifunza. Alikuwa amekaa kibarazani akimenya muhogo wake mwenyewe, polepole. Akautambua mfuko kwa umbo.

"Viko vyote?"

"Viwili vimeliwa. Kile cha mto kipo."

"Basi soma mto."

Nikakaa upande wa sikio zima. Sikusoma vizuri kama shangazi; nilikwama kwenye maneno marefu, akanisubiri. Nilisoma alfajiri, mianzi, watu wakifunga kamba za chelezo na kuvua viatu. Hapo baba akainua mkono.

"Na walikuwa wamekula nini hao, kabla ya kuvuka?"

Nilirudi nyuma ukurasa mzima nikitafuta. "Haijaandikwa, Baba."

Akafikiri, akiutazama muhogo mkononi mwake. "Mihogo," akasema. "Na karanga kidogo. Endelea."

Nikageuza ukurasa, nikaendelea.